Mwanangu, virudishe vitabu begini

Mwanangu kipenzi,

Baba'ako kaniambia jana umevitoa vile vitabu vya picha begini ili unga na dagaa vienee. Jamani! Vitabu sita vyembamba, nimevipima kwa mizani ya dukani havifiki hata kilo, na begi unaruhusiwa kilo 23. Toa dagaa, rudisha vitabu.

We umeshamwangalia mke mwenzangu akiwa na kile cha dada mtu aliyenuna kisa mdogo wake ndo anabebwa mgongoni siku hizi? Akifika ule ukurasa katoto kamejificha nyuma ya pazia, mguu tu unaonekana, anaweka kidole pale kwenye mguu ananiambia "Bibi, huyu anataka atafutwe." Miaka minne! Na wewe mwezi wa tisa unajifungua hukohuko Leipzig, hakuna bibi wala shangazi wa kumpakata huyu mkubwa, atanuna na yeye, sasa atanuna kwa Kijerumani? Chekechea watampa maneno yao, sawa, ila kususa, kudeka, kinyongo, nani atampa kama sio wewe na hivyo vitabu.

Najua unamsikiliza mtoto, kwa hilo nakuvulia kilemba, humnyamazishi kama... ya wewe na mdogo wako unayakumbuka, siyarudii. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulikuwepo Dar toka 1991, we hata hujazaliwa, kwa hiyo siwezi kusema vitabu havikuwepo. Nilikuwa nafunga genge saa tatu usiku nimechoka. Basi.

Ila usimsomee kimwalimu mwanangu, ile ya "haya, umejifunza nini", una hiyo tabia. Akiganda kwenye picha moja muache agande, akitaka kilekile mara ya kumi soma, hapo kuna kitu kinamkereketa. Vikiisha hivyo, African Storybook ya Afrika Kusini wanaweka hadithi za watoto bure mtandaoni, za Kiswahili zipo, mumeo aprinti.

Fundi wa bomba hajaja, kachukua hela ya koki tangu Jumatatu. Kuku mweupe ameatamia. Dera lako la bluu limebaki kwenye kamba, nalikunja leo.

Dagaa ntampa mtu awaletee, watu wa kusafiri hawakosekani. Vitabu umeshavirudisha? Nipigie kabla sijalala.

Mama'ako