Kumwongeza mwenza kwenye nyumba iliyo rehani

Wateja wengi wakikaa tu kitini hutuambia, "Nataka jina la mwenzangu liingie kwenye nyumba." Nasi huwauliza: liingie kwenye hati, au kwenye mkopo? Hapo hutazamana, maana walidhani ni kitu kimoja.

Hati inasema nyumba ni ya nani. Mkataba wa mkopo unasema deni ni la nani. Benki ilipotoa fedha iliandikisha rehani juu ya hati, na maadamu rehani hiyo haijafutwa, kwa kawaida umiliki haubadilishwi bila ridhaa yake. Kwa hiyo anzeni benki, si kwa msajili wa hati. Anayehamisha sehemu ya nyumba kimyakimya anaweza kuwa amevunja masharti, na mikataba mingi huipa benki haki ya kudai salio lote kwa mkupuo.

Mara nyingi benki haitakubali jina jipya likae kwenye hati tu. Itataka mwenza naye atie sahihi mkopo, na itampima kama mkopaji yeyote: kipato chake, madeni yake, namna alivyolipa huko nyuma. Pengine mkopo wa zamani utafungwa na mwingine kufunguliwa. Hapo ulizeni mapema riba mpya ni kiasi gani, na kama kuna tozo ya kumaliza mkopo kabla ya muda.

Sasa hesabu ambayo tungependa kila mwenza aione kabla ya kushika kalamu. Tuseme nyumba ina thamani ya 100 na deni lililobaki ni 60. Kilicho chenu ni 40. Mwenza akipewa nusu, amepata 20. Lakini akitia sahihi mkopo, kwa kawaida hadaiwi 30. Anadaiwa 60 zote, kwa sababu wakopaji wa pamoja hubeba deni zima kila mmoja. Mwenzake akiacha kulipa, benki itamgeukia yeye.

Kinyume chake pia kipo, na kinatuumiza zaidi. Dada mmoja alitumwagia mezani bahasha ya stakabadhi: miaka ya kutuma nusu ya marejesho kwenye akaunti ya mwenzake, na jina lake halikuwa popote. Stakabadhi zile zinaweza kumsaidia mahakamani, lakini ni njia ndefu na ya gharama kuliko kusoma jina lako kwenye hati.

Jina likishakubalika, amueni mtamiliki vipi. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza kuna njia mbili. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifariki nyumba inabaki kwa mwenzake, hata wosia ukisema vingine. Katika umiliki wa hisa, kila mtu ana sehemu yake, si lazima ziwe sawa, na sehemu hiyo huenda kwa warithi wake. Mwenye watoto wa ndoa ya awali tunamsihi aifikirie sana njia ya pili. Kama mmoja alitoa malipo ya awali ya nyumba peke yake, hilo liandikwe kwenye makubaliano mngali mnaelewana.

Ulizeni na kodi. Katika baadhi ya nchi, deni analolichukua mwenza huhesabiwa kama bei aliyolipa, na ushuru hutozwa hata kama hakuna fedha iliyopita mkononi. Jueni pia kwamba jina likishaingia, kwa kawaida mwenye jina akiwa hai halitoki bila sahihi ya mwenyewe au amri ya mahakama, na wanaomdai mwenza wanaweza kuifuatilia sehemu yake.

Mkija, leteni nakala ya hati, mkataba wa mkopo, taarifa ya karibuni inayoonyesha salio, na vitambulisho. Njooni wote wawili. Kabla ya sahihi tutamwomba mwenza akazungumze na wakili wake mwenyewe, faragha, nawe ukisubiri nje. Usilione hilo kama dharau. Anakwenda kubeba deni ambalo hakulikopa, na anastahili kuuliza maswali yake yote bila kukutazama usoni.