Jeni ya buibui: tuonyeshwe, tusisimuliwe tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wiki iliyopita niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba wanasayansi wamechukua jeni ya sumu ya buibui wakaipandikiza kwenye kuvu ili iue mbu. Kesho yake mzazi mmoja alinisubiri getini. "Mwalimu, hiyo sumu si itaishia kwenye sufuria zetu?" Ana haki ya kuuliza.

Buibui mwenyewe ni wa Australia. Hakukamuliwa sumu ikamwagwa mahali. Kilichochukuliwa ni maelekezo ya kuitengeneza. Kuvu iliyopewa jeni hiyo, aina ya Metarhizium, haianzi kutengeneza sumu mpaka itoboe gamba la mdudu na kufika kwenye damu yake. Ikiwa ukutani, jeni imelala.

Watafiti wa Burkina Faso na wenzao wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliijaribu kijijini Soumousso, ndani ya kizimba kikubwa cha wavu. Waliichanganya na mafuta ya ufuta, wakapaka shuka nyeusi, wakazitundika, kwa sababu mbu akishashiba damu hutafuta penye giza atulie. Kila chumba cha kizimba hicho kilianza na mbu 1,500. Baada ya siku 45, pasipo na kuvu walihesabiwa mbu 1,396, penye kuvu ya kawaida 455, na penye kuvu ya jeni ya buibui 13. Kumi na watatu tu! Na hao walikuwa mbu sugu, wale wasiotishwa tena na dawa ya chandarua. Matokeo yalichapishwa 2019.

Sisi wa Ulanga shuka hizo si ngeni kwetu. Utafiti uliochapishwa 2005 ulifanyika hapa hapa Lupiro: vitambaa vyeusi vyenye kuvu ya kawaida, isiyoguswa jeni, vilitundikwa darini katika nyumba tano, na karibu robo ya mbu walionaswa humo walikuwa wameambukizwa. Ng'ambo ya mto, Ifakara, kuna vizimba vya mbu na wataalamu waliobobea. Inaniuma kuona hatua iliyofuata tunaisoma tu kutoka Afrika Magharibi.

Sisemi kuvu hiyo ifunguliwe vijijini kesho. Kiumbe hai kikishatoka nje hakirudishwi, na lazima ijulikane nyuki na wadudu wengine wa hapa wataathirika vipi. Ninachoomba ni ijaribiwe kwenye vizimba vyetu, na wizara ishuke vijijini mapema, kabla uvumi haujafika. Mikutano iwe ya Kiswahili, wanakijiji waulize mpaka waridhike, na wakikataa wasikilizwe.

Yule mzazi nilimjibu nilivyoweza. Alistahili kujibiwa na mtafiti mwenyewe, shuka ikiwa mkononi.

Mwalimu wa Biolojia,
Ulanga, Morogoro