Tukizichezea antibayotiki, na kemo nayo inatushinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, ni ndefu kidogo lakini nivumilie. Kurasa za afya wiki hii zinaandika antibayotiki, wiki ijayo zinaandika kansa, kama vile ni mambo mawili yasiyojuana kabisa, na mimi niliyefanya uuguzi kwenye wodi ya wagonjwa wa saratani nasema antibayotiki na kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, zinaenda pamoja, na jinsi tunavyozichezea antibayotiki ndo itakuja kuwaua wagonjwa wa kansa ambao wao wenyewe hawajawahi kuchezea dawa yoyote.

Ili mtu anielewe lazima kwanza tuseme dawa inafanya nini mwilini. Mjerumani Paul Ehrlich, ambaye mwaka 1910 dawa yake ya kaswende iitwayo Salvarsan ilianza kuuzwa, alikuwa na wazo moja tu kichwani, dawa impige kimelea imwache mwenye mwili. Wazo rahisi kulisema, gumu kulitenda, na hiyo Salvarsan yenyewe ilikuwa na arseniki ndani na iliwaumiza watu. Lakini swali lake ndo hilo hilo tunalouliza mpaka leo: huyu adui ana kitu gani ambacho mimi sina, nikipige hicho?

Kwa bakteria jibu lipo na ni zuri sana. Bakteria wengi wana ukuta mgumu nje ya seli yao, seli ya binadamu haina. Penisilini, amoksilini, seftriaksoni na wenzao wanazuia huo ukuta usijengwe, bakteria akitaka kukua agawanyike ukuta unamsaliti, maji yanaingia, anapasuka. Ndo maana mgonjwa anaweza kupewa dozi kubwa ya penisilini na akaivumilia vizuri tu, cha kuogopa zaidi ni aleji, na aleji ikiwa ya kweli sio mchezo, inaweza kumfunga mtu pumzi ndani ya dakika chache. Zingine kama gentamisini na doksisaiklini zinapiga ribosomu, yaani pale bakteria anapotengenezea protini, sisi tunazo ribosomu pia lakini umbo lake ni tofauti. Halafu kuna kotrimoksazoli, ile wengi tunaijua kama Septrin, hii inanoga kuielewa kwa sababu bakteria wengi wanajitengenezea folati, aina ya vitamini B, wenyewe wakati sisi tunaipata kwenye chakula, kwa hiyo ukiziba njia ya kutengeneza folati anakwama yeye, wewe unaendelea.

Sasa njoo kwenye kansa. Hapa adui ni seli yako mwenyewe, imetoka kwako, ina ribosomu zako, haina ukuta, haina kitu kigeni cha kupiga kirahisi. Siku hizi kuna dawa mpya zinazolenga alama maalumu kwenye baadhi ya kansa na ni hatua kubwa, ila kemo ya kawaida, ambayo bado ndo inabeba wagonjwa wengi, inashika tofauti moja kubwa: seli ya kansa inagawanyika bila kusikia breki. Kwa hiyo dawa zinapiga kitendo cha kugawanyika. Sisplatini na siklofosfamidi zinaharibu DNA yenyewe, vinkristini iliyotokana na ua la Madagaska inavuruga nyuzi zinazotenganisha kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, seli inapogawanyika, na methotreksati inaziba njia ya folati. Ndiyo, folati ile ile! Trimethoprimu iliyomo kwenye Septrin inapiga kimeng'enya cha bakteria, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, methotreksati inapiga kimeng'enya hicho hicho ila cha binadamu. Na ndo sababu mtu anayetumia methotreksati akijinunulia Septrin kwa ajili ya kikohozi anaweza kuzimisha uboho wake kabisa, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, zinaongezeana nguvu, nalisema hili kwa sababu bado kuna watu wanaona Septrin ni kidonge cha kumeza tu bila kuuliza mtu.

Madhara ya kemo yanatoka hapo hapo. Mwilini kuna seli zingine za halali kabisa zinazogawanyika haraka, mizizi ya nywele, ngozi laini ya ndani ya mdomo na utumbo, na uboho ndani ya mifupa. Kupiga kemo ni kama kupalilia shamba ambalo magugu yanafanana na mmea, utang'oa magugu lakini na mimea kadhaa itaondoka nayo, tofauti ni kwamba seli nzuri nyingi zina uwezo wa kuota tena. Nywele zinaanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, na kwa walio wengi zinarudi dawa ikiisha. Vidonda vya mdomo vinapona. Kichefuchefu ni habari ingine kidogo, kile kinatokana na dawa kuamsha sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika, na zipo dawa kama ondansetroni zinazozima hiyo amri, mgonjwa asikubali kutapika siku nzima akidhani ndo kawaida, aseme. Mkojo kuwa mwekundu baada ya doksorubisini ni rangi ya dawa, inapita ndani ya siku moja mbili. Ila doksorubisini hiyo hiyo inaweza kuchosha moyo, na kwa sababu hiyo daktari anahesabu jumla ya dozi zote ulizopata maisha yako yote, kwa hiyo ukihama hospitali hakikisha karatasi zako unahama nazo. Sisplatini inapiga figo na masikio, gentamisini nayo inapiga figo na masikio, ukiziweka pamoja bila uangalizi unatafuta matatizo.

Nawaambia hivi kwa sababu maneno ya "kemo ndo inaua" yanasambaa kila kona na watu wanakimbia matibabu mpaka ugonjwa umeshatapakaa, halafu wakija wamechelewa na dawa ikishindwa basi dawa ndo inapata lawama. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alipoandika kwamba watoto wenye leukemia ya ghafla, yaani kansa ya damu, wamepata nafuu ya muda kwa aminopterini, ndugu wa methotreksati, ilikuwa habari kubwa hata kama nafuu haikudumu. Leo kwenye nchi zenye huduma kamili watoto wengi wenye leukemia ya limfu wanapona kabisa. Wanapona kwa mchanganyiko wa dawa, na wanapona kwa sababu kuna mtu anayewashika mkono pale uboho unapolala.

Na hapo ndo moyo wa barua yangu ulipo Mhariri. Uboho unatengeneza seli nyeupe kila siku, na zile zinazoitwa nyutrofili, ambazo ndo askari wa mbele dhidi ya bakteria, haziishi muda mrefu kwenye damu, lazima ziletwe mpya kila wakati. Kemo ikisimamisha kiwanda hicho hesabu yake inashuka, kwa dawa nyingi inafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha inapanda, ndo maana mizunguko mingi inapangwa kila baada ya siku 21, uboho upate kupumua. Kwenye hizo siku za katikati bakteria wa kwenye utumbo wako mwenyewe, ambao wamekaa na wewe kwa amani miaka yote, wanapenya kwenye vidonda vya mdomo na utumbo wanaingia kwenye damu. Na hamna dalili za kutosha! Usaha hauji kwa sababu usaha wenyewe kwa sehemu kubwa ni hizo nyutrofili, kifua kinaweza kuonekana safi kwenye picha, kidonda hakivimbi. Kinachobaki mara nyingi ni homa peke yake, saa ingine ni kutetemeka na unyonge tu, na hiyo ni dharura. Joto likifika 38 kwa mtu aliye kwenye kemo hamna kusubiri asubuhi, hamna kumeza paracetamol ushushe homa kwanza uone, maana homa ikishuka kengele imezimwa lakini moto bado unawaka, anatakiwa afike hospitali na antibayotiki ya mshipa ianze ndani ya saa moja, kabla hata majibu ya damu hayajatoka.

Nimeona mtu anaingia akiwa anaongea na familia yake vizuri, jioni presha imeporomoka. Na nimeona wengi zaidi wanaoinuka siku ya pili wanaomba uji kwa sababu dawa iliingia mapema na bakteria alikuwa bado anaisikia. Hilo la mwisho ndo linanikosesha usingizi, kama bado anaisikia.

Maana hivi ndo usugu, yaani bakteria kutoisikia dawa tena, unavyokuja. Bakteria kama E. koli akipata mazingira mazuri anagawanyika kila dakika 20, kwenye mabilioni hayo wachache wanabeba mabadiliko yanayowafanya wavumilie dawa, ukimeza antibayotiki wale dhaifu wanakufa na wale wagumu wanarithi nyumba nzima. Tena wanapeana vinasaba vya usugu wao kwa wao, hata kati ya aina tofauti. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya cha kukata penisilini, wapo wanaokata mpaka seftriaksoni, na sasa wapo wanaokata hata meropenemu, ambayo ilikuwa ya kukimbilia mwisho. Watu wengi wanadhani usugu ni wa yule mgonjwa aliyekatisha dozi, kwamba mwili wake "umezoea dawa". Mwili haujazoea kitu, ni bakteria, nao wanakaa kimya kwenye utumbo bila kumsumbua mwenyewe, wanapita kwenye mikono, kwenye choo, wanahamia kwa mtoto, kwa mama mzee ndani ya nyumba. Siku mmoja wao akianza kemo na nyutrofili zikashuka, wale wale ndo wanaoingia kwenye damu yake, na dawa ya saa ya kwanza inawapita tu.

Kwa hiyo yule anayemeza antibayotiki kwa mafua anamgusa mtu asiyemjua. Mafua ni virusi, virusi hawana ukuta wala ribosomu zao, antibayotiki haina pa kuwashika, anachopiga ni bakteria wake wasio na hatia na kuwafundisha usugu. Daktari Mskoti Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya hili mwaka 1945 kwenye hotuba yake ya Nobel, kwamba mtu atajinunulia dozi ndogo na kuwazoesha vijidudu. Mwaka 2019 peke yake watafiti walikadiria vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Na tusidanganyane kwamba antibayotiki hazina madhara, siprofloksasini inaweza kukata kano ya kisigino, nyingi zinaweza kuleta kuhara kubaya kunakotokana na bakteria anayebaki peke yake utumbo ukishafagiliwa, rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na wanawake wengi hawaambiwi.

Ninachoomba kwako Mhariri ni hiki. Ukurasa wako wa afya uandike habari ya homa kwa mtu aliye kwenye kemo, kwa herufi kubwa, ueleze kwa nini, maana mtu akielewa nyutrofili zinashuka lini hahitaji kulazimishwa kununua kipimajoto. Na hospitali zinazotoa kemo zimpe kila mgonjwa kadi ndogo ya kutembea nayo yenye majina ya dawa alizopewa, tarehe ya dozi ya mwisho, aleji zake, na namba ya simu inayopokelewa usiku, na juu yake iandikwe kwamba mwenye kadi hii akija na homa asikae foleni. Atakayempokea saa nane za usiku huenda ni daktari kijana ambaye hajawahi kukaa wodi ya kansa, na kadi hiyo itamwambia aanze dawa ya mshipa kwanza, simu apige dripu ikiwa tayari inaenda.

Ni mimi msomaji wako,
Muuguzi mstaafu