Mshale uguse tabaka, si ukuta mzima

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wachoraji wenzangu wa Tabora na Kigoma kuhusu ukuta unaoandikwa "tofali na lipu" basi. Fundi hajui lipu ya nje ni nene kiasi gani wala mchanganyiko wake, na mkadiriaji naye anakisia. Kwenye ukuta wa mita za mraba 100, lipu ya mm 15 ni mita za ujazo 1.5, ya mm 20 ni 2. Nusu mita hiyo ya tofauti, kwa mchanganyiko wa 1:4, inakula karibu mifuko minne ya saruji ya kilo 50. Na huo ni upande mmoja tu wa ukuta.

Wapo wanaofanya kazi kwenye Revit, programu ya kompyuta ya kuchora majengo, lakini majina ya matabaka ya ukuta (lipu, tofali, lipu) wanayachapa kama maandishi ya kawaida juu ya mchoro. Ukuta ukihamishwa kutoka tofali la inchi 6 kwenda inchi 5, maandishi yanabaki yaleyale. Tagi ya materiali, yaani lebo yenye mshale unaogusa tabaka na kutaja limejengwa kwa nini, husoma kutoka kwenye modeli (jengo lenyewe ndani ya programu), ila lazima modeli iwe na cha kusomwa. Fungua aina ya ukuta, panga matabaka (kwenye jedwali lile la juu ni upande wa nje, la chini ni wa ndani), kisha kwenye kila materiali jaza sehemu ya maelezo: "Lipu ya saruji na mchanga 1:4". Tagi ikitoa alama ya kuuliza, mara nyingi maelezo hayo ni matupu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: unene ni mali ya tabaka ndani ya ukuta, si mali ya materiali, kwa hiyo tagi ya materiali haiusomi. Ukiandika "mm 15" kwenye maelezo, kisha materiali hiyohiyo ukaitumia nje kwa mm 20, mchoro unadanganya na wala hautoi onyo. Tengeneza materiali mbili, lipu ya ndani na lipu ya nje, au unene uachie mistari ya vipimo. ArchiCAD, programu nyingine ya aina hiyo, ina nafuu, kwa kuwa lebo yake ya orodha ya matabaka inaweza kuonyesha unene moja kwa moja.

Matofali ya kuchoma ya huku hayana kipimo kimoja. Kila kalibu na lake. Kabla ya kuingiza namba, panga matofali kumi mstari mmoja ubavu kwa ubavu, pima, gawa kwa kumi. Anayeingiza mm 150 kwa mazoea atapata vyumba ambavyo saiti havipo.

Angalia pia ukuta uliogeuzwa, upande wake wa ndani ukawa nje. Kwenye Revit, kubonyeza kitufe cha nafasi (spacebar) mara moja kunahamisha vigae vya choo vikawa nje, na kwenye plani ya 1:100 huwezi kuona, kwani lipu ya mm 15 pale ni upana wa mm 0.15 tu. Kwenye plani weka alama ya aina ya ukuta, U1, U2. Matabaka yaandikwe kwenye mkato (mchoro wa ukuta kama umekatwa wima) wa 1:10, au 1:20 ikibidi, mwonekano, yaani kiwango cha undani kwenye programu, ukiwa wa kati au wa kina. Mwonekano wa juujuu hauchori matabaka kabisa. Kila unapobadilisha unene, rudi ukague ncha za mishale ya tagi: ncha iliyoangukia tabaka la jirani inasoma jina la jirani.

Karatasi ya kuzuia unyevu isiingizwe kama tabaka la ukuta. Inalala juu ya msingi, haisimami. Ichorwe kwenye mkato na ipewe mshale wake.

La mwisho ni uchapaji. Steshenari nyingi zinatoa A3. Mchoro uliopangwa kwa A1, ambayo urefu na upana wake ni mara mbili ya A3, ukishushwa hadi A3, mkato wa 1:20 unakuwa 1:40, na herufi za mm 2.5 zinabaki mm 1.25, ambazo fundi hazisomi akiwa juu ya jukwaa. Mikato ya kuta ipangieni karatasi ya A3 tangu mwanzo.

Mchoraji wa majengo,
Tabora