Magazeti ya wanafunzi yaachwe huru

Ndugu Mhariri,

Nachangia kuhusu magazeti ya wanafunzi vyuoni. Hapa Mwanza vijana wengi wanasomea uandishi wa habari, ila chuo nilichosoma mimi ukiuliza gazeti la wanafunzi unaletewa jarida la ofisi ya uhusiano, mahafali na wageni rasmi mwanzo mwisho. Sasa bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa au kodi za mageto zikipanda nani anaandika? Habari inaishia kwenye magrupu ya WhatsApp, haina mhariri, haijathibitishwa, na anayetuhumiwa hapewi nafasi ya kujibu, ndo tetesi zinapoanzia hapo.

Na sio jambo geni kwetu, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi walianzisha jarida la Cheche 1969, mwaka uliofuata likafungiwa, ila hoja zake zinajadiliwa mpaka leo.

Naomba wakuu wa vyuo Kanda ya Ziwa waruhusu gazeti lenye bodi inayochaguliwa na wanafunzi wenyewe, hela itoke kwenye michango ya serikali ya wanafunzi na matangazo ya stesheneri na mama ntilie wa jirani, mwalimu awe mshauri tu asifute habari kabla haijachapwa, na chuo kikiona kimekosewa kiandike majibu yake ukurasa uleule.

Msomaji wako,
Mabatini, Mwanza