Kaka, nimeshika tena gitaa

Leipzig, Ujerumani, Novemba

Kaka shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake kabla hujaanza kumsomea, mwambie wajukuu zake wazima, mdogo ameshatoa jino la nne na mkubwa saivi anaongea Kiswahili mpaka baba yake anabaki anatukodolea macho.

Najua msimu wa korosho huu hapo Masasi hamna muda, ila hili sikutaka kukwambia kwa simu maana ningelia. Kaka, nimeanza tena kupiga gitaa.

Tangu mkubwa azaliwe sijagusa, miaka minne hiyo. Kila siku nasema wakikua, wakikua. Sasa mwezi wa tisa nikapita duka la mitumba nikaliona moja la nyuzi za nailoni, euro 60, nikalilipia na hela niliyoiweka ya kusukia nywele, nikalibeba kwenye tramu huku mdogo yuko mgongoni.

Vidole kaka! Unakumbuka tulivyokuwa tunabangua korosho kwa bibi, yale mafuta ya ganda yakanibabua mpaka ngozi ya ncha za vidole ikabanduka, halafu jioni mazoezi ya kwaya nikashindwa kukandamiza nyuzi hata za kodi ya G, zile sauti za kupigwa pamoja, ukanipokea gitaa ukanipigia wewe? Basi ni maumivu yaleyale, sugu zote zilishaisha. Wiki ya tatu ndo nikaanza kusikia kagumu kadogo kanarudi kwenye kidole cha pete, nikawa nakagusagusa hata nikiwa naosha vyombo. Kodi ya F bado, nikilaza kile kidole cha shahada nyuzi mbili zinakufa sauti.

Shida kubwa ilikuwa muda. Mdogo akilala mchana ndo nafua ndo napika, na usiku huku ikishafika saa nne ni kimya mpaka saa kumi na mbili asubuhi, majirani chini majirani juu. Kwa hiyo nikawa napiga wakiwa macho, na mdogo kila nikianza anakuja kushika nyuzi, sauti inakatika. Siku moja nikamfokea kwa nguvu, akalia na dada yake akalia, nikalirudisha gitaa juu ya kabati na siku nzima roho ikaniuma.

Usiku ule nikawakumbuka wale mama zetu wa kwaya, waliokuwa wanapiga kayamba mtoto yuko mgongoni amelala na mwingine anavuta khanga, na wimbo unaenda. Hakuna aliyewaambia wasubiri watoto wakue, na wao wenyewe wala hawakungoja.

Basi kesho yake nikakaa chini kwenye mkeka. Nikashika kodi kwa mkono wa kushoto, mkono wa mdogo nikauweka kwenye nyuzi, nikamwacha apige yeye. Akapiga C. Nikahamia G, akapiga tena, akanitazama usoni maana sauti imebadilika na yeye hajabadilisha kitu! Kaka, nilivyofurahi siwezi kukuandikia. Mkubwa nikamjazia mchele kwenye kopo nikafunga na plasta ndo kayamba yake, siku za mwanzo fujo tupu, juzi akaingia penyewe kwenye pigo, akakaa humohumo mpaka mwisho. Sasa hivi kila siku baada ya uji dakika kumi, zikizidi ni kumi na tano, nashukuru hata hizo.

Tena baridi imeanza, hizi hita zinakausha hewa ya ndani mpaka mbao inaweza kupasuka, kwa hiyo naweka sponji yenye unyevu kwenye kisahani cha sabuni ndani ya begi la gitaa. Nalitunza kama mtoto wa tatu.

Ombi langu moja. Nirekodie ile rizim, yale mapigo ya wimbo wa Pasaka uliyonifundisha pale uani, polepole, simu ielekeze mkono wa kulia maana ule mchapo wa mkono kurudi juu kwenye nyuzi umenitoka kabisa. Usisubiri nyumba itulie, hata mama akiwa anatwanga au jogoo anawika we rekodi tu, nataka watoto wasikie na hivyo. Itume jioni ukitoka shambani, huku tuko nyuma masaa mawili kwa hiyo watakuwa bado hawajalala.

Wasalimie wote, na bibi mshikie mikono.

Mdogo wako