Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Moshi, Juni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Tunafunga shule Ijumaa hii. Ripoti ya mwanao imo ndani ya bahasha, na salio la ada limeandikwa nyuma yake.

Ninalotaka kulieleza ni lile daftari la grafu la Kidato cha Tatu. Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini watoto wanachora vidoa badala ya kusoma noti. Hayo ni madoa ya Jua, sehemu zenye joto dogo kuliko zinazozizunguka, ndiyo maana huonekana nyeusi. Chombo cha SOHO, kilichorushwa angani mwaka 1995, hulipiga Jua picha, na yeyote anaweza kuzipakua bure. Masika yote, hata kilele cha Kibo hatukioni kwa mawingu, kazi iliendelea.

Jibu hakupewa mtu. Kila kundi lilichagua doa lake, likalifuatilia siku hadi siku, likakokotoa Jua hujizungusha kwa siku ngapi. Wengi walikaribia 27. Kundi moja lilipata 28 na ushee, wakataka kufuta. Mwalimu wa fizikia akawazuia: kwanza angalieni doa lenu liko wapi. Kumbe lilikuwa mbali na ikweta ya Jua. Jua si gumu kama Dunia, ni gesi ya moto, na ikweta yake huzunguka upesi kuliko sehemu za kuelekea kwenye ncha. Hilo wamelipata kwa rula na kipimapembe. Na kwa wenye wasiwasi wa NECTA: wastani, grafu na trigonometria waliyotumia ndiyo hiyo hiyo ya mtihani.

Likizo hii watafuatilia Mwezi. Kila jioni saa moja na nusu, wakiwa wamesimama pale pale, wataandika uko ngumi ngapi kutoka kwenye paa au mti fulani. Ukinyoosha mkono, ngumi moja ni takriban nyuzi 10, kwa hiyo ukimwona mwanao anainulia anga ngumi, usishtuke. Tafadhali usimpe jibu, hata kama unalijua.

Jua lenyewe asilitazame kamwe, si kwa macho matupu, si kwa miwani ya jua wala filamu ya eksirei. Hapo sina mzaha.

Daftari lirudi shuleni siku ya kufungua, hata kama kurasa nyingine zimeandikwa “mawingu” tu. Tarehe ipo kwenye ripoti.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule